RISASI ISIYO NA MLIO

Askari yeyote anaijua risasi. Anaujua uzito wake kiganjani, anaujua mlio wake, na amefundishwa kuihesabu moja moja, anapoichukua katika bohari na anapoirudisha. Lakini neno hilo lina maana mbili katika Kiswahili. Risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki; na risasi ni madini yenyewe, yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, ambayo huyeyuka kwa moto wa mkaa tu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko pia madini na kile kinachofyatuliwa huitwa kwa jina la asili moja. Risasi ya kwanza huua kwa kishindo, na kila mtu huisikia. Risasi ya pili haina mlio. Humwingia mtu kwa pumzi na kwa mdomo, ikakaa katika damu na katika mifupa yake kwa miaka mingi, na aghalabu aliyepigwa hana habari kwamba amepigwa.

Historia ya risasi hii ya pili imeandikwa kwa uchungu katika nchi mbili zinazopakana na Tanzania, yaani Zambia na Kenya. Historia hiyo inawahusu wachimba madini na watoto wao. Lakini inamhusu pia kila mtu ambaye kazi yake, au hata mchezo wake wa jioni, humfanya ashike madini hayo. Askari ni mmoja wao.

Abiria anayeshuka katika kituo cha mwisho cha reli ya TAZARA, pale Kapiri Mposhi, kisha akaendelea kusini kuelekea Lusaka, hupita katika mji wa Kabwe. Mwaka 1902 wageni waliokuwa wakitafuta madini waligundua hapo vilima vyenye risasi na zinki kwa wingi. Wakapaita Broken Hill, kwa kupafananisha na mgodi wenye jina hilo huko Australia. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, ambayo ilitawala watu na kutafuta faida kwa mkono ule ule. Mwaka 1906 reli ilifika kutoka kusini, na mzigo wake mkubwa ulikuwa madini. Mgodi huo ulidumu katika utawala wa kampuni, ukadumu katika utawala wa kikoloni wa Rodeshia ya Kaskazini, ukadumu hata baada ya uhuru wa Zambia mwaka 1964, na mwisho ukafungwa mwaka 1994. Kwa miaka karibu 90 Kabwe iliishi kwa mgodi wake.

Lakini mgodi wa risasi hautoi risasi peke yake. Mawe yakisagwa hutoa vumbi. Tanuri likiwashwa hutoa moshi, na ndani ya moshi huo mna chembe za risasi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Moshi hupaa, kisha chembe hushuka juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mchicha bustanini na juu ya udongo ambao watoto huchezea. Mashapo yaliyobaki baada ya kuyeyusha yalirundikwa hata yakawa kilima cheusi. Mfereji uliochukua maji ya mgodi ulipita katikati ya makazi ya watu. Mitaa iliyokuwa upande ule ambao upepo huelekea, kama vile Kasanda na Makululu, ilipokea vumbi hilo usiku na mchana. Risasi haiozi wala haipotei. Iliyoanguka katika udongo wa Kabwe zama za wakoloni ingali humo hata sasa.

Mchimba madini alikuwa na balaa jingine zaidi. Alipomaliza zamu yake aliondoka na mavazi yaleyale aliyofanyia kazi. Vumbi lilikuwa katika mikunjo ya suruali, katika viatu na katika nywele. Alifika nyumbani, mtoto akamkimbilia na kumkumbatia, mkewe akazikung'uta nguo zake kabla ya kuzifua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huko Kabwe msemo huo haukuwa fumbo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili hapana budi kujua risasi hufanya nini mwilini. Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake huchukua yapata sehemu moja kwa kumi, na iliyobaki hutoka. Mtoto mdogo aweza kuchukua hata nusu yake, na zaidi anapokuwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma. Moshi na vumbi laini vikivutwa kwa pumzi huingia kwa wepisi zaidi kuliko kinachomezwa. Ikishaingia, risasi huenda katika chembechembe nyekundu za damu. Huko hukaa kwa wiki kadhaa tu. Lakini nyingine huhamia mifupani, kwa kuwa mwili hudanganyika ukaipokea kama ile kalsiamu inayojenga mifupa. Katika mifupa hukaa kwa makumi ya miaka. Mwanamke aliyeivuta akiwa msichana aweza kumpitishia mtoto wake tumboni miaka mingi baadaye, wakati mifupa yake inapotoa kalsiamu kwa ajili ya mimba.

Madhara yake ni mengi, tena yanafanana na ya maradhi mengine. Mtu huumwa tumbo, hufunga choo, huchoka, huumwa kichwa, hukosa usingizi na hukasirika upesi. Damu hupungua. Shinikizo la damu hupanda na figo huharibika polepole. Mwanamume hupungukiwa na nguvu ya uzazi, na mimba huweza kuharibika. Kwa mtoto, risasi hugusa ubongo unaokua: huchelewa kusema, hushindwa kujifunza, hukosa utulivu, na ikizidi sana hupata degedege na kufa. Mzazi hudhani ni malaria, mwalimu hudhani ni uvivu, kamanda hudhani ni utovu wa nidhamu. Risasi haitajwi, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Si kwamba wanadamu hawakujua. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mjenzi mmoja wa Kirumi, Vitruvius, aliandika kwamba mafundi wa risasi wana nyuso zilizopauka, akashauri maji ya kunywa yasipitishwe katika mabomba ya madini hayo. Katika Uingereza ya viwanda, mwaka 1895 sheria iliwataka madaktari watoe taarifa ya kila mfanyakazi waliyemwona amedhurika kwa risasi kiwandani. Mwaka 1898 Thomas Legge akateuliwa kuwa daktari wa kwanza wa ukaguzi wa viwanda, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupambana na sumu hiyo. Mwaka 1921 nchi zilizokutana Geneva katika Shirika la Kazi la Kimataifa zilipitisha mkataba wa kuzuia rangi yenye risasi nyeupe ndani ya majengo. Serikali ya Uingereza ilipokataa kuuridhia mkataba huo, Legge alijiuzulu, mwaka 1926. Ikumbukwe kwamba ni miaka ile ile ambayo matanuri ya Kabwe yalikuwa yakiwaka chini ya bendera ya dola hiyo hiyo.

Zamani daktari alingoja dalili. Alitazama ufizi kama una mstari wa samawati, alitazama kama kiganja kimelegea na hakiinuki. Hizo ni dalili za mtu ambaye amekwisha kuumia. Maendeleo makubwa ya karne ya 20 yalikuwa kuacha kungoja dalili na kuipima damu yenyewe. Risasi hupimwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kitu kidogo kupita kiasi.

Hapo likatokea jambo la kufikirisha. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, mtoto hakuhesabiwa kuwa hatarini mpaka damu yake ifikie mikrogramu 60. Mwaka 1975 kipimo hicho kiliteremshwa hadi 30, mwaka 1985 hadi 25, mwaka 1991 hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Watoto hawakubadilika, wala sumu haikuongezeka ukali. Kilichobadilika ni elimu. Kila wataalamu walipochunguza kwa makini zaidi waliona madhara pale walipodhani pana usalama. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi atafutiwe chanzo cha risasi hiyo, kisha chanzo kiondolewe.

Kwa vipimo hivyo yafaa kuitazama Kabwe tena. Katika miaka ya 1970 madaktari waliofanya kazi mjini hapo walikwisha kupima damu za watoto na kukuta wanaoishi karibu na mgodi wana risasi nyingi mno. Utafiti mmoja wa namna hiyo ulikamilishwa mwaka 1975. Mgodi uliendelea kwa karibu miaka 20 baadaye. Mwaka 2015 wataalamu wa Zambia na Japani walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 246 wenye umri usiozidi miaka 7 katika mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa. Mgodi ulikuwa umefungwa kwa miaka mingi. Wengi wa watoto hao hata wazazi wao hawakupata kufanya kazi humo. Hata hivyo, katika watoto 246 hakupatikana hata mmoja ambaye damu yake ilikuwa chini ya mikrogramu 5.

Serikali ya Zambia haikukaa kimya. Mwaka 2016 mradi ulioanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 65.6 uliweka miongoni mwa shughuli zake upimaji na matibabu ya watoto wa Kabwe. Mwaka 2020 kesi ilifunguliwa mjini Johannesburg kwa niaba ya wanawake na watoto wa Kabwe dhidi ya kampuni ya madini ambayo walidai ilihusika na mgodi huo tangu mwaka 1925 hadi 1974. Kampuni ilikana. Desemba 2023 mahakama ilikataa kesi hiyo isiendelee kama kesi ya kundi, na mwaka 2024 walalamikaji wakapewa ruhusa ya kukata rufaa. Uzito wa jambo hili hauko mahakamani peke yake. Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo. Mojawapo, dimercaprol, ilitengenezwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili ili kuwaokoa askari na gesi ya sumu yenye aseniki. Lakini dawa hutolewa kwa walioathirika sana, tena kwa uangalizi wa daktari, na haimfai kitu mtoto ambaye akitoka hospitali anarudi kucheza katika vumbi lile lile. Kupima bila kuondoa chanzo ni kuhesabu majeruhi tu.

Huko Kenya somo limekuja kwa njia nyingine. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi iliyomo ndani yake. Kilianza kazi mwaka 2007, ukuta wake ukipakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo. Mtoto wake mdogo akaugua. Madaktari walitafuta maradhi ya kawaida ya pwani na hawakuyaona. Hatimaye damu ya mtoto ilipimwa risasi, na ikakutwa imo. Mama huyo hakutosheka na kumtibu mwanawe. Alishawishi watoto wengine wa mtaa wapimwe, na wao pia wakakutwa nayo. Akaanza kupeleka vyeti vya maabara kwa wakubwa, akaandamana, akakamatwa, lakini hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tofauti ya Kabwe na Owino Uhuru haipo katika sumu. Sumu ni ile ile. Tofauti ni kwamba huko Mombasa kipimo cha damu kiliingia mikononi mwa watu wenyewe, wakakitumia kutafuta chanzo na kukizima katika muda wa miaka michache, badala ya miaka 90.

Sasa, haya yote yanamhusu nini askari aliye mbali na migodi na viwanda vya betri? Jibu limo katika uwanja wa shabaha. Fataki iliyo nyuma ya risasi za kawaida imetengenezwa kwa kemikali yenye risasi. Bunduki ikifyatuliwa, fataki hiyo huwaka na kuwa mvuke. Joto la baruti na msuguano wa mtutu huparura risasi yenyewe. Na ikigonga ukuta husagika ikawa vumbi. Askari aliyelala kifudifudi akilenga huvuta pumzi mahali pale pale wingu hilo linapotokea. Hatari ni kubwa zaidi katika viwanja vya ndani visivyopitisha hewa vizuri, na humwelemea zaidi mkufunzi kuliko mwanafunzi. Mwanafunzi hufyatua siku chache akaondoka. Mkufunzi husimama hapo mwaka mzima. Yule anayefagia maganda na kusafisha ukuta wa shabaha naye yumo hatarini, ijapokuwa hajafyatua hata mara moja.

Majeshi makubwa yamelikiri jambo hilo kwa kuchelewa. Huko Marekani kanuni ya kazi ya mwaka 1978 ilitaka wafanyakazi wanaoshughulika na risasi wapimwe damu angalau kila miezi 6, na waondolewe katika kazi hiyo ikifika mikrogramu 60. Mwishoni mwa mwaka 2012 baraza la wanasayansi, lililoombwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo kuchunguza viwanja vyake vya shabaha, lilitoa ripoti kwamba kanuni hiyo haitoshi kuwalinda watu wa viwanja hivyo, kwa kuwa madhara hutokea damu ikiwa na risasi chini sana ya kiwango hicho. Yaani kwa zaidi ya miaka 30 wakufunzi waliambiwa wako salama kwa mujibu wa kanuni, na kumbe kanuni yenyewe ilikuwa imepitwa na elimu.

Wapo pia wanaoshika risasi si kwa amri bali kwa kupenda. Yupo anayeyeyusha vipande vya betri katika sufuria ili atengeneze chubwi za mishipi na nyavu zake. Yupo anayelehemu redio chumbani jioni, na katika nchi za ng'ambo wapo wengi wanaojitengenezea risasi za kuwindia na kulengea shabaha. Hao hawana mkaguzi wala daktari wa kazi. Hakuna sheria inayowataka wapimwe. Jiko lao la kuyeyushia mara nyingi ndilo jiko la familia, na karakana yao ni ua ambao watoto hutambaa. Betri iliyopasuliwa nyumbani ni Kabwe ndogo. Anayefanya hivyo kwa miaka, akahisi uchovu na maumivu ya tumbo yasiyo na sababu, ana haki na wajibu wa kumweleza daktari wazi kwamba hushika risasi, maana daktari asiyeambiwa hataagiza kipimo hicho.

Kipimo chenyewe si cha kuogopwa. Damu kidogo huchotwa katika mshipa wa mkono na kupelekwa maabara. Penye vifaa vidogo huweza kutumiwa tone la kidoleni, lakini sharti mikono ioshwe vizuri kwa sabuni kwanza, kwa sababu chembe moja ya vumbi juu ya ngozi yaweza kuliharibu tone hilo na kuonyesha risasi isiyokuwamo mwilini. Tone likionyesha kiasi kikubwa, damu ya mshipani huchukuliwa ili kuhakikisha. Mtu anayeanza kazi ya risasi hufaa apimwe kabla hajaianza, kusudi ijulikane alianza na kiasi gani. Kisha arudie kwa vipindi. Hesabu ikipanda, la kwanza si dawa bali kutafuta inakoingilia.

Na mahali inakoingilia huzibwa kwa mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kuosha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara. Kutokula katika uwanja wa shabaha. Kulowesha sakafu kabla ya kuisafisha, badala ya kufagia kwa ufagio mkavu unaoinua vumbi. Kuvua kombati na buti kazini, na kuzifua mbali na nguo za watoto. Kuyeyusha risasi mahali pa wazi, mbali na nyumba na mbali na vyombo vya chakula, au kuacha kabisa pale ambapo kitu kingine chaweza kutumika badala yake.

Jeshi na polisi hujivunia utaratibu wa kuhesabu. Risasi moja ikipotea bohari, kambi nzima haitalala mpaka ipatikane, kwa kuwa inajulikana kwamba risasi isiyojulikana iliko yaweza kumwua mtu asiye na hatia. Watoto wa Kasanda na wa Owino Uhuru wamekwisha kuonyesha kwamba kanuni hiyo ni ya kweli kwa risasi ile nyingine pia. Iliyomo katika damu ya mkufunzi, ya mfagiaji wa uwanja, au ya mtoto anayemkimbilia baba yake mlangoni, nayo inastahili kuhesabiwa.